Uzi: Nafufua Honda CG125 uani kwangu, Makorora Tanga. Injini naiacha, umeme nabadilisha

MwalimuWaMakorora

Salaam wakuu.

Nilidhani jambo hili nitaliandika likishaisha, lakini nimebadili mawazo. Naliandika likiwa bado uani, maana nahitaji wenye kujua wanisahihishe kabla sijaharibu.

Nimenunua Honda CG125 ya zamani, ya volti 6, kwa mzee mmoja Pongwe. Ilikuwa imelala ndani ya banda la kuku kwa miaka ambayo mwenyewe haihesabu tena. Kadi anayo, jina ni lake, na namba za fremu na injini zinasomeka na zinalingana na kadi. Hilo nililitazama kabla ya kitu kingine chochote. Tumeandikishana mkataba wa mauziano mbele ya wakili na uhamisho wa umiliki unaendelea TRA. Nawasihi sana mnaotamani vyuma vya zamani, anzeni na karatasi. Pikipiki unaweza kuifufua, kadi iliyopotea ni habari nyingine.

Hali yake: tangi limeota kutu ndani, ukilitikisa linalia kama kayamba. Kiki haishuki hata kidogo, pistoni imeshika. Nyaya zimeliwa na panya. Tairi zimepasuka mbavuni. Sailensa ina tundu kwa chini linalopitisha kidole gumba. Lakini boksi la cheni lipo zima, juu na chini, na hilo ndilo lililonifanya nitoe pesa mfukoni.

Nieleze kwa nini, kwa wasioijua. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo, hupita vumbi, na haipelekwi kwa fundi mpaka izime yenyewe. Pikipiki zao nyingine za enzi hizo, kama XL125, kamshafti yake, yaani mhimili unaofungua valvu, ilikaa juu kwenye kichwa cha injini, ikizungushwa na cheni ndogo. Oili isipobadilishwa kwa wakati, kamshafti inakula aluminiamu ya kichwa iliyolalia, na hapo kichwa kizima kimekwenda. Kwenye CG waliishusha kamshafti chini karibu na krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), ikazungushwa na gia, kisha fito mbili, zile mafundi wanazoziita pushirodi, zinapandisha mwendo hadi kwenye roka, vile vidole vinavyosukuma valvu. Jino la kusukuma valvu kwenye kamshafti ni moja tu na linahudumia valvu zote mbili. Cheni ya nyuma wakaifungia ndani ya boksi la bati isione mchanga wala mvua. Yaani waliofikiria pikipiki hii walijua itatunzwa vibaya, wakaiandaa kwa hilo.

Sasa mafundi wengi wakiipokea, kitu cha kwanza wanatupa boksi la cheni kwa sababu linawachelewesha kukaza cheni. Linaniuma sana hilo. Hapa pwani hewa ina chumvi, na cheni iliyo wazi unaiona inageuka rangi ndani ya wiki moja ya kusi.

Mpango wangu ni huu: injini irudi kama ilivyozaliwa. Umeme utoke volti 6 na pointi (swichi ya kugusana inayotoa cheche za plagi), uje volti 12 na CDI (kifaa cha kielektroniki kinachofanya kazi hiyohiyo). Breki na tairi ziwe za kuaminika. Basi. Kazi naifanya chini ya mwarobaini, jioni baada ya vipindi na siku za Jumamosi. Nafundisha fizikia, kwa hiyo umeme haunitishi. Spana nimezishika tangu utotoni kwenye baiskeli kama watoto wengi wa Tanga. Injini sijawahi kuishusha peke yangu mpaka chini.

Swali la kwanza: pistoni iliyoshika naianzaje?

KijiweChumbageni

Hongera mwalimu, hicho chuma ni cha heshima. Ila mimi ninayelala na kuamka juu ya pikipiki nakushauri kwa nia njema: usihangaike na hiyo injini. Tafuta injini ya Kichina ya 150, hizi za fito, nyingi zimetokana na hiyohiyo CG. Sehemu za kushikia kwenye fremu zinakaribiana mno. Unafunga, unaweka waya, siku mbili uko barabarani. Spea zake zipo hadi vijijini.

FundiMstaafuMuheza

Mwalimu shikamoo zako nazipokea hata kabla hujazitoa, nimeshika spana miaka mingi kuliko nywele nilizobaki nazo.

Usiipige kiki. Narudia, usiisimamie kiki kwa uzito wa mwili, utavunja jino la gia ya kiki ndani na hapo utafungua hadi bloku la chini. Toa plagi. Mimina dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, kama nusu kikombe cha kahawa, kupitia tundu la plagi. Iache. Si saa, siku. Kila jioni ongeza kidogo. Baadaye tia gia ya juu kabisa, iweke juu ya stendi ya kati, shika tairi la nyuma utikise mbele na nyuma taratibu. Nguvu ya tairi kwenye gia ya juu inaifikia krenki kwa upole kuliko kiki. Ikisogea hata upana wa ukucha, umeshinda.

Na usifurahi ukaiwasha. Ikishasogea, fungua kichwa uangalie. Kutu iliyoshika ringi za pistoni imeacha alama kwenye ukuta wa silinda.

MwalimuWaMakorora

Shikamoo mzee wangu, na asante. Nimeanza jioni hii hii.

@KijiweChumbageni, ndugu yangu, wazo lako nimelipima kwa dhati, na hesabu yenyewe inanivutia. CG125 ina kipenyo cha silinda milimita 56.5 na mwendo wa pistoni 49.5, unapata sentimita za ujazo 124. Zile 150 za fito ninazozijua zina kipenyo cha 62 na mwendo uleule 49.5, unapata 149. Hata kwa namba unaona ni ndugu wa tumbo moja. Kwa mtu anayetafuta riziki na abiria wawili mgongoni, ushauri wako ni sahihi kabisa.

Kwangu kuna mambo mawili. Namba ya injini iko kwenye kadi, nikiibadilisha lazima niibadilishe na kwenye usajili. La pili ni zito zaidi: udugu ule ule unanisaidia kwa njia nyingine. Kama spea za Kichina zinatokana na CG, basi naweza kuilisha injini ya zamani kwa spea mpya bila kuing'oa. Gasketi, ringi, sahani za klachi, kebo. Kwa kupima, si kwa jina. Nimenunua vernia (ya kupimia vipenyo) na fila geji (vibati vya kupimia mianya) kabla ya kununua spea yoyote.

BintiPangani

Dada mwalimu, nina Yamaha AG100 ya baba, imekaa. Nafuatilia uzi huu kwa macho yote. Kwenye tangi unafanyaje? Langu lina kutu mpaka koki imeziba.

MwalimuWaMakorora

Mdogo wangu, tangi limemaliza juzi, nikueleze nilivyofanya.

Nilitoa koki na kifuniko, nikaziba tundu la koki kwa kizibo cha mpira. Nikatia kipande cha cheni chakavu ndani, kirefu kama mkono, ncha yake nimeifunga waya ili kitoke chote kwa mara moja. Wengine hutia nati na misumari, halafu wanatumia wiki nzima kutafuta msumari wa mwisho. Nikatikisa hadi mabega yakauma, nikamwaga vumbi jekundu, nikarudia. Kisha nikajaza siki nyeupe ya dukani mpaka shingoni. Jaza kabisa, maana pale siki inapoishia ndipo kutu mpya inapochora mstari. Ikakaa siku mbili.

Ukimwaga, asidi inabaki kwenye vinyweleo vya bati. Suuza kwa maji yenye magadi kidogo, yale yale ya kupikia maharage, kisha maji matamu. Nasema maji matamu kwa makusudi, kwani visima vingi vya mtaani kwetu vina chumvi. Baada ya hapo una dakika, si masaa. Bati safi lisilo na kutu kwenye hewa ya Tanga linaanza kuwa la machungwa unalitazama. Nilikausha kwa hewa ya kompresa ya jirani anayeziba pancha, nikatia petroli kikombe kimoja na oili kijiko, nikazungusha kila upande.

Vipande vidogo vya chuma, stendi, mkono wa breki na mabano ya taa, niliviosha kwa umeme. Ndoo ya plastiki, maji, magadi kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4. Chaja ya betri ya volti 12: upande hasi unashika kitu chenye kutu, upande chanya unashika kipande cha chuma cha kutupa, na viwili visigusane. Mapovu yatatoka kwenye kitu chako na kutu itaachia kuwa tope jeusi linalofutika kwa brashi. Mapovu hayo ni haidrojeni. Fanya nje, mbali na jiko la mkaa, na zima chaja kabla ya kutoa klipu. Usitumie chuma cha pua upande wa chanya, maji yatakuwa sumu. Usitie aluminiamu, magadi yataila. Springi na bolti ngumu pia usizitie, haidrojeni inaingia ndani ya chuma kigumu ikakifanya kivunjike ghafla.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walikuja kuangalia. Wengine walikuwa wamelikariri somo la elektrolisisi mwaka mzima bila kuliona.

MwalimuWaMakorora

Wakuu, imesogea!!! Siku ya sita. Kwanza upana wa ukucha, kama mzee alivyosema, kisha nusu mzunguko. Nimekaa chini nikacheka peke yangu.

Nimefungua kichwa. Ukutani kuna pete mbili za kutu mahali ringi zilipokuwa zimelala, na kidole kinazisikia. Kwa hiyo bloku la silinda linakwenda kuchongwa. Ndani ya kifuniko cha klachi nimekuta kile kikombe kinachozunguka mwisho wa krenki, kinachochuja uchafu wa oili kwa nguvu ya mzunguko, kimejaa tope gumu kama lami. CG haina filta ya karatasi, ina wavu na kikombe hicho. Mtu akimwaga oili tu bila kukiosha hata mara moja maishani, uchafu unakuwa hauna pa kwenda. Mnaonunua za zamani, hapo pasafisheni.

FundiMstaafuMuheza

Vizuri. Sasa sikiliza. Pistoni inunuliwe kwanza, bloku lichongwe baadaye kufuata pistoni hiyo hiyo. Usimwambie mchongaji "chonga hamsini", yaani aongeze nusu milimita, halafu ukaenda dukani. Pistoni mbili zilizoandikwa 0.50 zinaweza kupishana. Mpe pistoni mkononi aipime.

MdauWaSpeaIlala

Naongezea kwa upande wa dukani: ukiwa unanunua pistoni, angalia na urefu wa pini, kipenyo cha pini, na kimo kutoka pini hadi kichwani. Zipo za 125 zinazofanana kwa macho na kimo tofauti. Nenda na ya zamani. Muuzaji asiyekuruhusu kulinganisha, toka.

MwalimuWaMakorora

Nimekwenda na ya zamani. Duka la tatu ndilo lililokuwa na yenye pini sawa na kimo sawa, saizi ya 0.50, yaani kipenyo kinakuwa 57.

Bloku limechongwa na mzee aliyewahi kufanya kazi karakana ya shamba la mkonge. Mashine yake ni nzee kuliko mimi, na mikono yake sijaona mfano. Alipima pistoni sehemu nne, akaandika kwa chaki kwenye meza, akachonga, akamalizia kwa mawe ya kusugulia hadi ukuta ukawa na michirizi inayokatana kama jamvi. Michirizi hiyo inashika oili. Alinikataza kuifuta kwa petroli peke yake. Nimeosha kwa maji ya moto na sabuni, mara tatu, mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe, kwa sababu unga wa mawe haufuati petroli, unajificha. Halafu papo hapo nikapaka oili.

Kabla ya kufunga, kila ringi niliiingiza peke yake ndani ya silinda, nikaisukuma kwa pistoni ikae wima, nikapima mwanya wa ncha kwa fila geji. Valvu nimezisaga kwa mchanga wa kusagia, sili za valvu mpya. Kichwa kimerudi. Tapeti zote mbili, yaani mwanya kati ya roka na valvu, ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi kabisa.

KijiweChumbageni

Mwalimu umenifunga mdomo, endelea. Sisi kijiweni tunasoma kwa sauti. Umeme sasa. Mimi yangu nataka kuweka taa za LED.

MwalimuWaMakorora

Umeme ndiyo sehemu niliyoisubiri, na ndiyo iliyonipotezea siku nyingi zaidi.

Kwanza sababu ya kuacha volti 6. Taa ya wati 25 kwa volti 6 inavuta ampea 4 na zaidi kidogo. Taa ya wati 35 kwa volti 12 haifiki ampea 3. Waya mkongwe na swichi yenye kutu vikiwa na ukinzani wa nusu omu tu, ile ya volti 6 inapoteza volti 2 njiani, theluthi ya umeme wake wote. Ya volti 12 inapoteza moja na nusu hivi, sehemu moja ya nane. Ndiyo maana taa za zamani zinaonekana kama mshumaa, na ndiyo maana kubadilisha balbu pekee hakusaidii.

Pointi nazo zimejificha nyuma ya sumaku, lile gurudumu zito linalozunguka mwisho wa krenki. Zinahitaji mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4, na hewa yetu ya pwani inaziotesha weupe pikipiki ikisimama mwezi mmoja. CDI ya mkondo geu inafanya kazi kwa namna niipendayo kuieleza darasani: koili moja ndani ya sumaku inazalisha umeme wa kujaza kapasita, na koili ndogo ya nje inangoja kinundu kilicho mgongoni mwa sumaku. Kinundu kikipita, inaamrisha kapasita iachie umeme wote kwa mpigo kwenda koili ya plagi. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Na haihitaji betri. Betri ikifa Pangani, unapiga kiki unarudi nyumbani.

Nilichobadilisha: sahani ya koili, sumaku, koili ya nje, CDI, kifuniko cha kushoto chenye nafasi ya koili hiyo, regyuleta ya kudhibiti volti, betri, balbu zote, honi na rilei ya endiketa. Vitu vinne vya mwanzo chukueni vya injini ya aina moja, seti. Majira ya moto yanatokana na mahali palipochongwa nafasi ya ufunguo wa sumaku (kipande kidogo cha chuma kinachoipanga juu ya krenki) ukilinganisha na kinundu. Ukichanganya sumaku ya huku na sahani ya kule, moto utawaka wakati usio wake.

Na msiifunge sumaku kabla ya kujua kama koni yake inalingana na ya krenki. Nilipaka kalamu ya wino mzito kwenye koni ya krenki, nikaivika sumaku, nikaizungusha kidogo bila ufunguo, nikatoa. Wino ulifutika karibu kote, maana yake imekaa. Ukifutika mstari mmoja tu, usifunge. Itakata ufunguo na kuharibu krenki.

Hapa ndipo nilipopotea. Nimefunga kila kitu, napiga kiki, plagi haitoi hata cheche. Siku tatu. Nilipima koili ya kujaza kwa mita, mamia ya omu, nzima. Koili ya nje nzima. Ardhi nzima. Mwisho nikagundua CDI niliyouziwa kwenye duka moja ilikuwa ya mkondo mnyoofu, ile inayotaka volti 12 za betri, ila soketi yake inafanana. Nilikuwa nimeipelekea umeme wa aina nyingine kabisa. Nimeweka ya mkondo geu, kiki ya pili cheche ya bluu. Kwa hiyo usiulize "CDI ya CG", uliza "CDI isiyotumia betri", na uone michoro ya miguu yake kabla ya kulipa.

Majira nimeyathibitisha kwa taa ya taimingi: alama ya F kwenye sumaku inasimama mbele ya alama ya bloku injini ikiwa mwendo wa chini bila gia.

@KijiweChumbageni, LED weka, ila ilishe kutoka betri baada ya regyuleta, usiilishe umeme mbichi wa koili. Endiketa za LED zitawaka harakaharaka kwa rilei ya zamani kwa sababu mzigo wake ni mdogo. Nunua rilei ya kielektroniki.

BintiPangani

Breki za mbele dada? Watu wananiambia nibadilishe niweke diski.

MwalimuWaMakorora

Diski ni nzuri, lakini kwenye CG yangu ingenilazimu kubadilisha shokapu, shingo na ringi la gurudumu la mbele. Hapo ndipo unaanza kujenga pikipiki nyingine. Nilitaka kwanza kuona breki ya ngoma ikiwa sawasawa inafanya nini, maana nyingi tunazozilaumu hazijawahi kufungwa vizuri.

Shuu mpya hazigusi ngoma kote. Nilipaka chaki ndani ya ngoma, nikafunga, nikazungusha na kubana. Chaki ilihamia ncha tu za shuu. Nikasugua ncha hizo kwa msasa, nikarudia mara nne mpaka chaki ikaenea. Barakoa vaa, na vumbi la breki za zamani usilipulize kamwe, lifute kwa kitambaa chenye maji. Shuu za enzi hizo nyingi zilikuwa na asbesto.

La pili ni mkono wa breki. Ukibana, kebo na mkono viwe karibu na pembe mraba. Wengi wanaufunga ukiwa umeshalala, nguvu inakwenda kuvuta mhimili badala ya kuuzungusha. Nilisogeza meno mawili tu. Sasa inasimama kwa vidole viwili.

Rangi nitaipitia haraka kwa kuwa kuna wanaoijua kuliko mimi. Nilipuliza mwenyewe, saa tano asubuhi siku kavu, baada ya kujaribu jioni moja yenye unyevu na rangi ikapata ukungu mweupe juu yake. Nilisubiri ikauke, nikapiga msasa laini, nikarudia. Ndani ya mabomba ya fremu nimemimina oili nzito iliyopashwa moto, nikaizungusha ienee, nikaziba matundu yote isipokuwa ya kutolea maji. Boksi la cheni limepigwa praima ndani na nje.

MwalimuWaMakorora

Imewaka Ijumaa baada ya sala ya alasiri, kiki ya tatu, uani watu wametoka milangoni.

Nimekwenda Raskazone na kurudi, kesho yake Amboni, sijaikaza, nabadilisha mwendo kila mara ili ringi zikae. Oili ya kwanza nimeimwaga baada ya kilomita 100 ikiwa na mng'aro wa chuma, ya pili baada ya 300 ikiwa safi. Inachukua lita moja. Plagi imetoka na rangi ya kahawa ya maziwa. Nikitoka ufukweni naiosha kwa maji matamu jioni ileile.

Gharama mmeniuliza wengi. Bei zinabadilika, sitaziandika. Lililokula zaidi ni tairi na bloku, lililokula kidogo ni siki na magadi. CDI nimelipia mara mbili.

Injini imetulia mno, tapeti hazisikiki kabisa. Mzee wangu wa Muheza, Jumamosi nakuja uisikilize.

FundiMstaafuMuheza

Karibu sana mwanangu. Njoo asubuhi, na uje nayo taratibu. Hilo la kutosikika kabisa ndilo ninalotaka kulisikia kwa sikio langu. Iache ipoe kwangu kwa masaa manne kabla hujarudi.

MwalimuWaMakorora

Nimerudi kutoka Muheza.

Nilipita Pongwe kwanza, mzee aliyeniuzia akaizunguka mara mbili, akaingiza mkono chini ya boksi la cheni akapapasa, akaniambia alilipaka grisi mwenyewe kila mwisho wa mwezi enzi hizo. Mjukuu wake akampandisha nyuma yangu hadi barabarani na kurudi.

Kwa Fundi Mstaafu tulikunywa chai injini ikipoa. Alinieleza kuwa CG yenye afya inasema kidogo, tik tik tik, na valvu iliyonyamaza kabisa huenda haina nafasi ya kufunga, inaungua polepole bila kulalamika. Tukafungua. Ya kuingizia ilikuwa 0.08. Ya kutolea moshi ilikuwa 0.05, imekaa chini zaidi kwenye kiti chake baada ya kusagwa.

Tumeirudisha. Sasa ni 0.08 zote mbili na inasikika. Nitaipima tena ikifika kilomita 1000, nitaandika hapa hapa.